Treni za umeme za mwanzo za chini ya ardhi, na kile kisa cha mota iwekwe wapi

Watu wakianza kubishana treni ya kwanza ya chini ya ardhi ilikuwa wapi, ubishi huwa hauishi. Mmoja anasema London 1863, mwingine anasema London hiyohiyo ila 1890, anatokea wa tatu na Budapest 1896, na kusema kweli wote wana haki kwasababu kila mmoja anaongelea kitu tofauti. Ya 1863 ilikuwa ya mvuke. Ya 1890 ndo ya kwanza ya umeme kupita chini kabisa ndani ya udongo. Ya Budapest nayo ni ya umeme lakini ilipita juujuu, chini kidogo tu ya barabara. Mimi mambo ya nani alitangulia hayanisumbui sana. Kinachonivutia ni kwamba kuanzia treni ya umeme ilipoingia chini ya ardhi mpaka ikawa treni ambayo mtu wa leo akiiona ataitambua ilichukua kama miaka 15 hivi, na miaka yote hiyo mafundi walikuwa wanahangaika na swali moja: mota ikae wapi, na nani aiamrishe. Ukilishika hilo swali, mengine mengi yanajipanga.

Kwanza tuongelee moshi, maana bila moshi hakuna ambaye angehangaika. Reli ya Metropolitan ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington mpaka Farringdon, na siku ya kwanza tu ilibeba watu kama 38,000. Iliwezekana kwa njia rahisi kuielewa: unaichimba barabara, unajenga kuta pembeni, unaweka dari, unafukia, barabara inarudi juu yake. Injini zilikuwa za mvuke. Walifanya walichoweza kupunguza adha, mvuke uliotumika waliuelekeza kwenye matenki ya maji ya injini ili upoe humo badala ya kumwagika handakini, na injinia wao John Fowler alijaribu hata injini ambayo ikifika chini itaendeshwa na joto la matofali yaliyochomwa bila moto mkubwa, ikagoma. Kwahiyo ilibidi waache sehemu nyingi za wazi njiani ili moshi upate pa kutokea.

Na hapo ndo palikuwa na kikwazo chenyewe. Treni inayotaka pa kupumulia haiwezi kwenda chini sana, inabidi ibaki karibu na juu, na kubaki karibu na juu maana yake ni kupasua barabara za mji ambao tayari umejaa majengo, mabomba ya gesi, mabomba ya maji na mitaro ya maji taka. Ukitaka kupita katikati ya London bila kubomoa London inabidi ushuke mita nyingi chini, na ukishuka huko unahitaji treni isiyotoa moshi kabisa.

Upande wa kuchimba, jibu lilikuja mapema kuliko la treni. James Henry Greathead, injinia aliyezaliwa Afrika Kusini, alikuwa ameshaiboresha njia ya kuchimba kwa ngao, yaani silinda kubwa ya chuma inayosukumwa mbele kwa jeki za maji huku watu wakichimba ndani yake kwa usalama, na nyuma yake yanafungwa mapande ya chuma kwa bolti mpaka yanakuwa pete, pete baada ya pete, alafu nafasi inayobaki kati ya pete na udongo inajazwa uji wa chokaa kwa presha. Udongo wa mfinyanzi wa London unaifaa sana kazi hii, haubomoki ovyo. Greathead akaitumia kwenye mradi wa reli ya kutoka katikati ya mji, kupita chini ya mto Thames, mpaka Stockwell upande wa kusini, kama kilomita 5. Kuchimba kulianza 1886.

Sasa hapa kuna kitu wengi hawakijui. Hiyo reli haikubuniwa kuwa ya umeme. Mpango ulikuwa mabehewa yavutwe na kebo ndefu inayozunguka muda wote, ikizungushwa na mashine kubwa iliyokaa sehemu moja, kama zilivyokuwa tramu za kebo za wakati ule, na mahandaki yalichimbwa kwa kipimo cha mabehewa madogo ya kebo: kipenyo mita 3.1 upande wa mjini na mita 3.2 upande wa Stockwell. Mwaka 1888 kampuni iliyokuwa iwauzie mfumo wa kebo ikafilisika. Wenye reli wakabaki na mahandaki yanaendelea kuchimbwa na hawana cha kuyavutia mabehewa. Wakageukia umeme, kazi wakawapa Mather & Platt wa Manchester, na aliyesimamia usanifu ni Dk Edward Hopkinson. Yani kipimo cha handaki kilishaamuliwa na teknolojia nyingine kabla umeme haujafikiriwa, na umeme ukaambiwa ujipenyeze humohumo. Matatizo mengi yaliyofuata yametokea hapo.

Umeme wenyewe wa treni ulikuwa bado mchanga. Mwaka 1873 kwenye maonyesho ya Vienna ilionekana wazi kwamba dainamo ukiipelekea umeme badala ya kuizungusha, inazunguka yenyewe, kwahiyo jenereta na mota ni mashine ileile tu ukibadili upande wa kuingizia nguvu. Mwaka 1879 Werner von Siemens akaleta kitreni kidogo kwenye maonyesho ya Berlin, volti 150, kinabeba watu kwenye mabenchi kuzunguka uwanja kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na umati mkubwa ulikipanda miezi ile. Mwaka 1881 ikaja tramu ya umeme ya Lichterfelde nje ya Berlin. Kwahiyo 1888 mtu alikuwa na mifano ya kuangalia, ila wa kuvuta treni nzima iliyojaa watu, kutwa nzima, chini ya mto, haukuwepo.

Walichokitengeneza ni kichwa kidogo cha treni, tani kama 10, urefu mita 4 na kitu, kinakaa magurudumu manne. Mota mbili, moja kila ekseli, jumla nguvu za farasi 100. Nyuma yake mabehewa matatu, kila moja watu 32. Umeme ni wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, volti 500, unaingia kwa reli ya tatu iliyolazwa katikati ya njia lakini imesogezwa upande kidogo, imekalia vihami vya kioo, na kichwa kinauchota kwa viatu vya chuma vinavyoteleza juu yake. Umeme ukishafanya kazi unarudi kwa reli za kawaida za magurudumu. Kituo cha kuzalisha kilikuwa Stockwell, boila, injini za mvuke, mikanda ya kuzungushia dainamo, moshi wote ukabaki huko juu.

Mota zile hazikuwa na gia. Ile sehemu inayozunguka ya mota ilisukwa juu ya ekseli yenyewe, yaani ekseli ndo mota. Ukiangalia haraka ni wazo zuri, hakuna gia za kupiga kelele na kulika meno, hakuna nguvu inayopotea njiani. Ila mota isiyo na gia inabidi izunguke taratibu sawasawa na gurudumu, na mota ya kuzunguka taratibu ili itoe nguvu ileile inabidi iwe kubwa na nzito. Alafu uzito huo umekaa kwenye ekseli moja kwa moja, hakuna springi kati yake na reli. Kila gurudumu likipita kwenye kiungo cha reli, uzito wote huo unaigonga reli. Kwa kichwa cha tani 10 haikuwa neno. Kumbuka hilo, litarudi.

Mfalme mtarajiwa, Mwanamfalme wa Wales, aliifungua tarehe 4 Novemba 1890, na wananchi wakaanza kupanda tarehe 18 Desemba. Jina likawa City and South London Railway. Stesheni 6, nauli peni 2 bila kujali unashuka wapi, unalipa getini unapita, tiketi hakuna. Mabehewa yalikuwa hayana madirisha ya maana, vijitundu tu juu karibu na dari, kwasababu waliona chini huko kuna nini cha kuangalia, na migongo ya viti ikapandishwa juu imejazwa mito mpaka watu wakayafananisha na vile vyumba vya magodoro wanavyofungiwa wagonjwa wa akili. Stesheni ikifika, konda aliyesimama kwenye kibaraza cha mwisho wa behewa ndo alikuwa anatangaza jina, abiria ndani haoni kitu.

Na treni ilijaa. Mwaka 1891 peke yake ilibeba zaidi ya watu milioni 5. Kujaa huko ndo kulikoanika udhaifu wote.

Cha kwanza, umeme ulikuwa unachoka njiani. Kituo cha kuzalisha kiko Stockwell, mwisho mmoja wa njia, na mwisho wa pili uko kilomita 5 mbele. Chuma cha reli kinaupinga mkondo kidogo kila mita, kwahiyo treni nyingi zikivuta kwa pamoja volti zinazofika upande wa mjini zinakuwa pungufu, taa za ndani ya mabehewa zinafifia, kichwa kinapoteza nguvu. Na upande huohuo ndo kulikuwa na kipande kibaya kuliko vyote. Handaki lilifuata barabara za juu ili kukwepa kulipa wenye viwanja, barabara za pale ni nyembamba na zina kona, kwahiyo treni ikitoka chini ya mto inapanda mlima mkali huku inakata kona kuingia stesheni ya King William Street, mahali ambapo umeme ni dhaifu kuliko kwingine kote. Kuna nyakati kichwa kilishindwa kupanda, dereva akairudisha treni nyuma chini mpaka kwenye tambarare, akaja tena kwa kasi. Stesheni hiyo haikudumu, ilifungwa 1900 njia ilipochimbwa upya kupita kwingine.

Cha pili ni breki. Breki za upepo zinahitaji kompresa, yaani mashine ya kushindilia upepo, na kwenye kichwa kile hapakuwa na nafasi wala nguvu ya ziada ya kuendesha kompresa, kwahiyo walibeba upepo kwenye mitungi na kuijaza treni ikifika Stockwell.

Cha tatu ndo kikubwa. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linashika kidogo sana, nguvu ya kuvuta haiwezi kuzidi sehemu ndogo ya uzito uliokalia magurudumu yenye mota, robo hivi mambo yakiwa mazuri, na reli ikiwa na unyevu ni chini ya hapo. Kwahiyo kichwa cha tani 10 hata ukikiwekea mota ya kutisha kitaishia kuzungusha magurudumu bure. Ukitaka kuongeza mabehewa inabidi uongeze uzito wa kichwa. Alafu ukifika mwisho wa njia, kichwa kimekwama upande wa ukuta, inabidi kichwa kingine kije kifungwe upande wa pili ili treni irudi, na hicho cha kwanza kisubiri treni inayofuata. Dakika zinapotea kila safari, na chini ya ardhi dakika ndo kila kitu, kwasababu huwezi kupanua handaki, unachoweza ni kupitisha treni nyingi zaidi kwa saa.

Budapest walilikwepa tatizo hili kwa namna yao. Njia yao, iliyofunguliwa Mei 1896 chini ya barabara ya Andrássy, kilomita 3.7, stesheni 11, kazi ya umeme imefanywa na Siemens & Halske, haikuwa na vichwa kabisa. Behewa moja lenye mota zake chini, dereva ana kibanda mbele na kingine nyuma, likifika mwisho anahamia upande wa pili anarudi. Handaki lilikuwa la kufukia na fupi kwenda juu, kwahiyo fremu ya behewa waliikunja, inapanda juu ya magurudumu alafu inashuka katikati ili sakafu iwe chini na watu waweze kusimama. Usanifu mzuri sana ule, naupenda kuliko wa London kwa kweli. Ila behewa moja ni behewa moja. London ilikuwa inataka mabehewa sita, saba, yaliyojaa, kila dakika chache, na ukiunganisha mabehewa sita yenye mota unahitaji madereva sita wanaofanya kitu kilekile kwa sekunde ileile. Ambacho hakiwezekani.

Hapo ndo anaingia Frank Sprague. Mmarekani huyu alikuwa ofisa wa jeshi la majini, akafanya kazi kidogo kwa Edison, na mwaka 1882 alikuwa London akapanda treni za mvuke za chini ya ardhi na moshi wake wote. Mwaka 1888 alijenga mfumo wa tramu za umeme wa Richmond, Virginia, kwenye vilima vikali, na humo akathibitisha namna bora ya kuifunga mota: ina gia, upande mmoja umeegemea ekseli na upande mwingine umening'inia kwa springi kwenye fremu. Mota inazunguka kwa kasi kwahiyo inaweza kuwa ndogo na nyepesi, na sehemu ya uzito wake inabebwa na springi. Baadae akaingia kwenye biashara ya lifti za umeme za majengo marefu, na huko akakutana na kazi ya kuendesha mota nyingi zilizo mbali kutoka kwenye swichi ndogo moja. Akili yake ikaunganisha vitu viwili.

Ili wazo lake lieleweke inabidi ujue kidogo mota inavyowashwa. Mota ikiwa imesimama, ukiipa volti 500 zote kwa mpigo inavuta mkondo mkubwa mno, inaungua au inakata fyuzi, kwasababu kinachoizuia isivute sana ni ule umeme inaouzalisha yenyewe kinyume ikiwa inazunguka, na ikiwa imesimama haizalishi kitu. Kwahiyo dereva anaanza na rezista, yaani vifaa vya kuupunguza mkondo, zikiwa zimefungwa kwenye njia ya umeme, anaziondoa moja moja kadri kasi inavyopanda. Kwenye treni za mwanzo umeme wote wa mota ulikuwa unapita kwenye kontrola iliyo mkononi mwake. Mota mbili sawa. Mota kumi na mbili, ni nyaya nene kama mkono zinapita treni nzima, na cheche za kutosha kumuua dereva.

Sprague akasema kila behewa libebe mota zake, rezista zake na swichi zake kubwa, umeme mkubwa ulichote lenyewe kutoka reli ya tatu na uishie humohumo. Kinachopita kutoka behewa moja kwenda jingine ni nyaya nyembamba tu za amri. Dereva akigeuza mpini wake mdogo, mkondo mdogo unakwenda treni nzima, na swichi za kila behewa zinajifunga kwa pamoja. Ni kama watu wanaosukuma gari lililokwama tope, mmoja anaita harambee, nguvu ni ya kila mtu. Haijalishi mabehewa ni mawili au manane, haijalishi dereva kakaa upande gani, na ukitaka kukata treni vipande viwili usiku abiria wakipungua unakata tu. Na kuna faida nyingine ambayo mimi naona ndo tamu kuliko zote: abiria wakijaa, uzito wao unakandamiza magurudumu yenye mota, kwahiyo treni inashika reli vizuri zaidi pale inapobeba zaidi. Kwenye treni ya kichwa abiria ni mzigo tu.

Mwaka 1897 reli ya South Side Elevated ya Chicago, ya juu ya nguzo na iliyokuwa inaendeshwa kwa mvuke, ikakubali kumpa kazi, kwa masharti makali na dhamana ya dola 100,000 kwamba asipofanikiwa analo. Julai mwaka huo akafanya majaribio kule Schenectady, New York, na tarehe 26 aliwaonyesha treni ya mabehewa sita ikiendeshwa na mtoto wake wa miaka 10. Alichotaka waone ni kwamba mtoto ameshika amri tu, nguvu ziko kwingine. Kufikia Julai 1898 injini za mvuke za reli ile zilikuwa zimeondoka zote. Kwetu huku, waliopanda SGR ya Dar mpaka Dodoma wameziona njia zote mbili kwa macho yao, kuna treni inayovutwa na kichwa cha umeme, na kuna ile Mchongoko ambayo mota zimegawanywa chini ya mabehewa. Hiyo Mchongoko imefuata kanuni ya Chicago ya 1898, japo umeme wake ni wa volti 25,000 kutoka waya wa juu.

London ilikuwa bado haijashawishika. Reli ya Waterloo and City ya 1898 ilitumia mabehewa yenye mota mbele na nyuma, hatua nzuri, ila dereva wa mbele aliendesha mota za nyuma kwa nyaya nene za umeme mkubwa zilizopita juu ya treni, na wakaguzi wa Bodi ya Biashara, waliokuwa wanasimamia usalama wa reli, hawakuzipenda nyaya hizo. Alafu ikaja Central London Railway, Shepherd's Bush mpaka Bank, iliyoanza kubeba watu tarehe 30 Julai 1900, nayo nauli peni 2. Kwa mambo mengi ilikuwa bora. Umeme ulizalishwa kwa volti 5,000 za mkondo geu, yaani unaobadili upande kila mara, ukasambazwa kwenye vituo vidogo njiani ambako uligeuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa volti 550, kwahiyo ule ugonjwa wa taa kufifia mwisho wa njia ukatibika. Stesheni zilijengwa juu ya vilima vidogo, treni ikiingia inapanda na kupunguza kasi yenyewe, ikitoka inashuka na kupata kasi bure. Ila wakarudi kwenye vichwa visivyo na gia, sasa hivi vya tani 44, na sehemu kubwa ya uzito huo haina springi.

Ule mgongano wa uzito na reli niliosema litarudi, ndo hapa. Wenye ofisi na nyumba za juu ya njia wakaanza kulalamika mitetemo, wachoraji ramani kwenye ofisi za mtaa wa Cheapside wakasema hawawezi kuchora mstari ukanyooka. Serikali ikaunda kamati 1901 chini ya Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa kabisa wa wakati ule, wakapima mitetemo. Kampuni ikajaribu dawa mbili, vichwa vilivyobadilishwa kuwa vya gia, na treni ya mabehewa yenye mota kwa mfumo wa Sprague. Vya gia vilipunguza, ya Sprague ikapunguza zaidi. Mwaka 1903 vichwa vyote vikatolewa kwenye kazi ya abiria. Miaka mitatu tu tangu vinunuliwe! Hasara kubwa, lakini baada ya hapo hakuna aliyethubutu kupendekeza kichwa kwa reli mpya ya abiria chini ya London.

Paris walijifunza somo lao kwa njia mbaya zaidi. Metro yao ilifunguliwa 19 Julai 1900, mabehewa ya mbao, na treni ndefu zilikuwa na behewa la mota mbele na lingine nyuma, umeme wa mota zote ukipitia kwa dereva wa mbele. Tarehe 10 Agosti 1903 treni moja ikashika moto, abiria wakashushwa, moto ukaonekana umezimwa, treni ikaanza kusukumwa tupu kwenda kuegeshwa. Njiani ikawaka tena vibaya stesheni ya Ménilmontant. Treni iliyofuata nyuma ikasimama stesheni ya Couronnes, imejaa watu wa treni zilizotangulia, wafanyakazi wakawaambia watoke, na baadhi ya watu wakabaki wanadai warudishiwe nauli. Moshi ukafika. Taa zikazima zote kwasababu zilikuwa zinategemea nyaya zilezile zilizoungua. Gizani watu wengi wakakimbilia upande wa jukwaa ambao hauna mlango. Walikufa 84. Nikisoma habari hii huwa nasikitika sana, kwasababu kila kilichowaua kilikuwa uamuzi wa usanifu ambao mtu alikaa mezani akaupitisha: mbao, umeme mkubwa kwenye kibanda cha dereva, taa kutokuwa na njia yake. Baada ya hapo taa za stesheni zikapewa umeme wa peke yake, zikawekwa alama zinazowaka za kuonyesha pa kutokea, umeme mkubwa ukaondolewa mkononi mwa dereva, na miaka michache baadae mabehewa ya chuma yakaanza kuingia.

New York wao walikuwa wanajenga wakati huohuo na waliliona hilo. George Gibbs, injinia wa reli ile, alitaka mabehewa ya chuma tupu, kitu ambacho viwanda vingi vilikataa kuguswa nacho vikidai yatakuwa mazito na yatapiga kelele. Likatengenezwa la mfano, kweli likawa zito mno, akalipunguza, na mabehewa 300 ya chuma yakaagizwa. Njia ilipofunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904 hayo ndo yalikuwa ya kwanza ya chuma kutengenezwa kwa wingi namna ile popote, na yaliendeshwa kwa amri za Sprague.

Kilichobaki London kilikuwa ubishi wa umeme wenyewe. Zile reli za zamani za mvuke, Metropolitan na District, zilitakiwa zibadilishwe, na kampuni ya Ganz ya Budapest ikawapa bei nzuri ya mkondo geu wa awamu tatu, volti 3,000 kwenye nyaya za juu. Metropolitan walikubali. District mwaka 1901 ikaingia mikononi mwa Charles Yerkes, tajiri wa tramu na reli za Chicago, ambaye alishaona mkondo mnyoofu unavyofanya kazi kwao na hakutaka kusikia kingine. Treni za kampuni hizo mbili zinapita kwenye reli zilezile, lazima wakubaliane, kesi ikaenda kwa msuluhishi na mkondo mnyoofu ukashinda. Mota ya mkondo mnyoofu ina nguvu kubwa inapoanza kuondoka na kasi yake inapangika kirahisi, na treni ya mjini kazi yake ni kuondoka na kusimama kutwa nzima. Waliongeza pia reli ya nne, ya tatu inaleta umeme na ya nne katikati inaurudisha, kwasababu umeme ukirudi kwa reli za magurudumu baadhi unatoroka kwenye pete za chuma za handaki na mabomba ya gesi na maji ya jirani, unayala taratibu. Mwaka 1905 kituo cha umeme cha Lots Road kikawaka pale Chelsea, na mwaka huohuo treni za mvuke zikaondoka kwenye njia ya duara ya kampuni hizo mbili. Njia tatu mpya za Yerkes zilizofunguliwa 1906 na 1907 zilianza moja kwa moja na mabehewa yenye mota.

Na ile City and South London ya vichwa vya tani 10? Iliendelea hivohivo kwa zaidi ya miaka 30, kwasababu mabehewa yenye mota ya njia nyingine yalikuwa hayaingii kwenye mahandaki yale yaliyopimwa kwa ajili ya kebo. Kuanzia 1922 ikabidi wayapanue mpaka mita 3.56. Walifungua bolti za pete za Greathead, wakachimba udongo pembeni, wakazifunga tena wakiongezea vipande ili ziwe kubwa, na mwanzoni walifanya hivo usiku huku treni zinapita mchana, mpaka Novemba 1923 sehemu ya handaki iliporomoka treni ikiwa inapita na bomba la gesi likalipuka juu barabarani. Hakufa mtu. Njia ikafungwa kazi imalizike, na iliporudi yote Desemba 1924 mabehewa mapya yalikuwa na mota chini yake, na vichwa vile havikuhitajika tena.